Zahanati Iliyo Karibu Iwe Zahanati Inayoponya



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya magonjwa: malaria, kuhara, upungufu wa damu, kifua kikuu. Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya nyumba yenyewe ambamo magonjwa hayo hutibiwa. Maana dawa hata ikiwa nzuri namna gani, kama imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo, haimponyi mtu. Naye mganga hata akiwa na ujuzi mwingi, kama hana kipimo, hana daftari, na mbele yake wamejipanga wagonjwa mia bila utaratibu, ujuzi wake hautamfikia yule mtoto wa mwisho kwenye benchi.

Zifikirini familia za Maji ya Chai na vijiji vya jirani. Barabara kuu ya Moshi na Arusha inapita hapo hapo, na magari ya abiria ni mengi. Mtoto akishikwa na homa, mama yake ana njia mbili. Ya kwanza ni kwenda kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ya pili ni kupanda gari na kwenda moja kwa moja hospitali ya wilaya kule Tengeru, au hospitali ya mkoa ya Mount Meru mjini Arusha. Wazazi wengi katika nchi yetu huchagua njia ya pili hata kwa homa ndogo. Si kwamba ni wakaidi. Wamepima wenyewe, wakaona kwamba huko karibu huenda wakakosa dawa, au wakakosa mtu, au wakajibiwa vibaya.

Matokeo yake tunayajua. Hospitali kubwa inajaa watu wenye mafua na vidonda vidogo, na wale walio mahututi wanangojea. Familia inatumia nauli ambayo ingenunua chakula. Na usiku, wakati magari yamekwisha, mama mwenye uchungu hubaki na ile ile zahanati ambayo mchana kila mtu aliipita. Hapo ndipo tunapotambua kwamba ubora wa zahanati ni jambo la kufa na kupona.

KUCHELEWA KWA NAMNA TATU

Wataalamu wanaoshughulikia vifo vya akina mama wajawazito hutufundisha kwamba mama hufa kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza, familia inachelewa kuamua kwamba hali ni ya hatari. Pili, inachelewa njiani kwa kukosa usafiri. Tatu, akiisha kufika, anachelewa kupata huduma ndani ya kituo chenyewe.

Mahubiri mengi ya afya huishia kwenye kuchelewa kwa kwanza. Tunawaambia wazazi: "Wahini kituoni!" Ni neno jema. Lakini mama aliyewahi, kisha akakaa saa tatu kwenye benchi akivuja damu, tutamwambia nini? Kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi. Dawa ya sindano ya kusaidia kizazi kibane, oksitosini, lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na lazima ipatikane kwa dakika, si kwa saa. Basi friji inayofanya kazi, ufunguo unaojulikana ulipo na muuguzi wa zamu aliyefundishwa ni mambo madogo matatu ambayo kwa pamoja huokoa uhai wa mtu.

Tunashukuru kwamba nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, utafiti wa 2004-05 ulionyesha vifo 112 katika kila vizazi hai 1,000. Mwaka 2022 vilikuwa 43. Hatua hizo hazikuletwa na dawa mpya peke yake. Zimeletwa pia na vituo kufanya kazi vizuri zaidi kuliko zamani.

JE, NI FEDHA TU?

Watu wengi husema: "Serikali ilete fedha, zahanati itapona." Ni kweli kwamba bila fedha hakuna kitu. Lakini kuna jaribio moja lililofanyika hapa hapa Tanzania ambalo linafaa kila mzazi alijue, kwa maana limesomwa ulimwenguni kote.

Kati ya miaka ya 1996 na 2004, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, iliendesha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili: Rufiji na Morogoro Vijijini. Wilaya hizo mbili zilikuwa na watu wapatao laki saba. Swali lilikuwa hili: je, tukiwapa viongozi wa afya wa wilaya fedha kidogo za nyongeza pamoja na njia ya kujua hasa watu wao wanakufa kwa nini, afya itakuwa bora?

Basi watu walipita nyumba kwa nyumba, wakiuliza katika kila kaya nani amefariki na alikuwa na dalili gani. Majibu yalipokusanywa na kulinganishwa na matumizi ya fedha, wakubwa wa wilaya walishangaa. Kule Morogoro malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya fedha za afya. Kifua kikuu, ambacho kilichukua chini ya asilimia 4, kilipewa asilimia 22. Hapakuwa na mwizi wala mvivu katika jambo hilo. Fedha zilikuwa zinafuata mazoea, na hakuna aliyewahi kuzilinganisha na makaburi.

Wakabadili mpango. Fedha zaidi zikaenda kwenye malaria na magonjwa ya watoto. Waganga na wauguzi wakafundishwa njia ya kumwangalia mtoto mzima, siyo ugonjwa mmoja: mtoto akiletwa kwa homa, aulizwe pia kama anakohoa, kama anaharisha, masikio yakoje, amelishwa vipi, na chanjo zake zimekamilika au la. Vituo vya afya vikapewa kazi ya kuzisimamia zahanati zilizo jirani, na simu za redio zikawekwa ili zahanati ya mbali iweze kuomba msaada. Wanavijiji nao wakashika majembe na matofali wakakarabati zahanati zao.

Je, iligharimu kiasi gani? Wilaya ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 za Marekani kwa kila mtu kwa mwaka, lakini mwanzoni ziliweza kutumia senti 80 hivi tu. Na matokeo? Kule Rufiji vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 katika kila 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Kwa muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Watafiti wengine walipolinganisha wilaya hizo na jirani zake, Kilombero na Ulanga, walikuta kwamba ile njia mpya ya kumwangalia mtoto mzima iliambatana na vifo vya watoto pungufu kwa asilimia 13, na gharama yake haikuzidi ile ya njia ya zamani.

Hatusemi kwamba mradi ndio uliofanya kila kitu. Vyandarua na mambo mengine yalisaidia. Lakini fundisho kubwa ni hili: fedha kidogo zikienda mahali panapostahili huzaa kuliko fedha nyingi zinazotupwa kwa mazoea.

MAMBO MANNE YANAYOIFANYA ZAHANATI IWE HAI

1. Daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu miaka ya 1990 kila kituo cha tiba nchini kimepewa vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Wagonjwa wengine hukasirika wanapoona muuguzi anaandika kwa muda mrefu. Tuwe wavumilivu, lakini pia tudai kwamba maandishi hayo yatumike. Daftari linalojazwa ili lipelekwe wilayani, kisha lisahauliwe, ni kazi bure. Zahanati iliyo hai hulifungua daftari lake kila mwezi na kuuliza: mwezi huu tumepata watoto wangapi wenye kuhara? Wametoka kitongoji gani? Kwa nini akina mama 40 walianza kliniki, na waliokuja kujifungulia hapa ni 15?

2. Dawa. Kuanzia miaka ya 1980 zahanati zilikuwa zinapelekewa masanduku ya dawa muhimu ambayo yalifanana kila mahali. Yalisaidia sana, lakini zahanati ya nyanda za baridi ilipata dawa za malaria zikaozea stoo, na ya pwani zikaisha kabla ya mwezi kwisha. Siku hizi kituo huagiza chenyewe kutoka Bohari ya Dawa kulingana na matumizi. Hapo ndipo hesabu inapotakiwa. Tuchukue mfano. Kama zahanati inatumia dozi 120 za dawa fulani kwa mwezi, na dawa huletwa kila baada ya miezi mitatu, itahitaji dozi 360, pamoja na akiba kwa ajili ya kuchelewa kwa gari au kuzuka kwa ugonjwa. Asiyeandika matumizi yake hawezi kufanya hesabu hiyo, ataagiza kwa kukisia, na sisi tutaambiwa, "Dawa hakuna, nenda dukani."

Kuna mfano mzuri wa mwaka 2009 na 2010. Katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, vituo 129 viliombwa kila wiki vitume ujumbe mfupi wa simu kueleza dawa za malaria zilizobaki. Wilaya ikiona kituo kimoja kimeishiwa na jirani yake kina nyingi, iliweza kuhamisha. Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimepungukiwa na aina mojawapo ya dawa hizo. Wiki ya 21, vilikuwa 26. Dawa zilikuwepo nchini. Kilichokosekana ni habari ya mahali zilipo. Tena kuanzia mwaka 2014 mkoa wa Dodoma uliweka utaratibu wa kuwa na mshitiri mmoja wa kuuzia vituo dawa zile ambazo Bohari imekosa, na mwaka 2018 utaratibu huo ulienezwa nchi nzima.

3. Mpangilio. Mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza kutumia njia ya Wajapani ya kupanga mahali pa kazi, ambayo ilikuwa imejaribiwa kwanza katika hospitali moja ya wazazi nchini Sri Lanka. Kwa Kiswahili hatua zake ni tano, zote zikianza kwa herufi S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kusasambua ni kutenga vinavyofaa na visivyofaa: vitanda vilivyovunjika, makaratasi ya miaka kumi, chupa tupu, vyote vitoke. Kuseti ni kukipa kila kifaa mahali pake na kukiandikia jina. Kusafisha kunajieleza. Kusanifisha ni kuhakikisha kila zamu inafanya kwa namna ile ile. Kushikilia ni kutorudi nyuma mgeni akishaondoka. Mambo haya hayahitaji msaada kutoka nje. Yanahitaji siku moja ya kazi na kiongozi anayeanza kushika ufagio mwenyewe. Mama wa nyumbani yeyote anayajua: jikoni palipopangwa chakula hakiungui.

4. Uongozi na usimamizi. Muuguzi anayefanya kazi peke yake kijijini, mwaka mzima hajatembelewa na mkubwa wake ila siku ya kukaripiwa, atachoka. Msimamizi mwema huja kwa ratiba, huketi pamoja naye wakati anahudumia, humwonyesha alipokosea na kumpongeza alipofaulu, tena huacha maandishi ya waliyokubaliana ili safari ijayo waanzie hapo. Hapa Arusha tuna bahati ya kuwa na chuo cha CEDHA, ambacho kimewafundisha walimu wa afya na viongozi wa afya wa wilaya. Lakini mafunzo yasipofuatiwa na usimamizi ni kama mbegu njema iliyomwagwa barabarani.

NYOTA ZA VITUO

Mwaka 2015 na 2016 serikali iliamua kuvipima vituo vyote vya ngazi ya msingi: zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi. Karibu vituo 7,000 vilipimwa, kila kimoja kikapewa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Vilitazamwa uongozi na utendaji wa wafanyakazi, uwajibikaji kwa wananchi, usalama wa majengo na vifaa, na ubora wa matibabu yenyewe.

Matokeo yalikuwa ya kutisha. Theluthi moja hivi ya vituo vilipata sifuri. Vilivyofika nyota tatu vilikuwa vichache mno, hata havikufika viwili katika kila mia. Lakini serikali haikuvifunga. Kila kituo kilipewa orodha ya mapungufu yake na kutakiwa kuandika mpango wa kuyaondoa. Kipimo kiliporudiwa mwaka 2017 na 2018, vyenye sifuri vilikuwa vimebaki kama 4 katika kila 100, na vyenye nyota tatu au zaidi vilikuwa vimefika kama 20 katika kila 100. Lengo lilikuwa 80, kwa hiyo safari ilikuwa bado ndefu. Hata hivyo tunaona kwamba kioo kikiwekwa mbele ya mtu naye akapewa maji, atanawa uso.

Tutoe pia onyo. Kupima kunaweza kupotosha. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani ulianza mpango wa kuwalipa wafanyakazi nyongeza kwa kufikia malengo fulani. Watafiti walikuta kwamba akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa kiasi cha 8 katika kila 100, na waliopata dawa ya kuzuia malaria wakati wa ujauzito waliongezeka kwa 10 hivi. Ni jambo jema. Lakini huduma nyingine nyingi zilizopimwa hazikuonyesha badiliko. Posho husukuma, ila haiwezi kuchukua nafasi ya dawa, vifaa na moyo wa kazi.

KILA MAHALI PANA MARADHI YAKE

Turudi Maji ya Chai. Jina lenyewe linatukumbusha rangi ya maji. Wakazi wa upande huu wa Mlima Meru wanajua kwamba maji ya mito na chemchemi nyingi yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Yakizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia. Yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hupinda na viungo huuma. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika kwa miaka mingi na njia za kupunguza madini hayo, hasa kwa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Kwa nini tunalitaja jambo hili tunapozungumzia utendaji wa zahanati? Kwa sababu hakuna sanduku la dawa kutoka mjini litakalonyoosha mguu uliopinda. Zahanati ya Maji ya Chai haiwezi kufanya mpango sawasawa na zahanati ya Rufiji. Yenyewe haina budi kuwaeleza wazazi kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Kwamba magadi ya kupikia nayo huweza kuongeza madini hayo. Kwamba maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yawekwe kwanza kwa ajili ya watoto wadogo, ambao meno yao yangali yanajengeka. Haina budi kukaa pamoja na ofisi ya maji na walimu wa shule. Na kwa kuwa barabara kuu iko mlangoni, haina budi kuwa tayari kwa majeruhi wa ajali. Huo ndio mpango unaotoka kwenye daftari la mahali, ndilo fundisho la Rufiji.

SISI WAZAZI TUFANYE NINI?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Zahanati haiwezi kutengenezwa na mganga peke yake. Yafuatayo yamo katika uwezo wa kila familia:

(a) Ijueni kamati yenu. Kila kituo cha umma kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi. Waulizeni wanakutana lini na wameamua nini. Wakati wa uchaguzi msichague mtu kwa sababu ana maneno mengi. Chagueni anayeweza kusoma hesabu na asiyeogopa kuuliza.

(b) Ulizeni fedha kwa adabu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, badala ya kubaki halmashauri. Kwa hiyo swali "fedha zimefanya nini?" sasa lina mtu wa kulijibu kijijini. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani, na yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.

(c) Changieni kabla ya kuugua. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Fuatilieni kwa watendaji wenu utaratibu unaotumika sasa. Tukumbuke tu kwamba bima haina faida penye kabati tupu: anayechangia ana haki ya kudai dawa.

(d) Tumieni zahanati kwa yale inayoyaweza, na msingoje kwa yale isiyoyaweza. Homa, kuhara, chanjo na kliniki ya wajawazito vianzie hapo. Lakini mama mjamzito anayevuja damu, mwenye degedege au kichwa kinachouma vikali na macho kuona ukungu, apelekwe mbele haraka. Mwaka 2022 serikali ilizindua mpango wa m-mama kwa nchi nzima, wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga walio katika hatari. Simu ya bure ni 115. Iandikeni ukutani kabla hamjaihitaji.

(e) Lalamikeni vizuri. Malalamiko yasiyo na siku wala saa hayamsaidii mtu. Badala ya kusema, "Wale wauguzi ni wabaya," semeni, "Jumanne asubuhi tulifika saa 2, akina mama kumi na wawili tulikuwa tunangoja, mlango ulifunguliwa saa 4." Andikeni, tieni kwenye sanduku la maoni au mpelekeeni mwenyekiti wa kamati. Na muuguzi akiwahudumia vizuri, semeni vile vile. Shukrani haina gharama, na humfanya mtu aamke mapema kesho.

(f) Mtunzeni mtumishi. Muuguzi asiye na nyumba, anayetembea saa nzima usiku kuja kumzalisha mama, hatadumu. Kijiji kinachompa mahali pa kukaa, kinachoelekeza maji kwenye zahanati na kinachofyeka njia, kinajitibu chenyewe.

VITUO VYETU VYA KANISA

Tusiwaangalie wengine tu. Makanisa yana zahanati na hospitali nyingi nchini, na tangu mwaka 1992, yalipounda pamoja Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii na kukubaliana na serikali juu ya ushirikiano, huduma hizo zimekuwa sehemu ya mpango wa taifa. Zamani tuliweza kusema, "Kwetu kuna upendo," tukaishia hapo. Upendo ni mwanzo. Lakini hata kwetu lazima tuulize: dawa ngapi ziliisha mwezi huu? Mgonjwa alingoja muda gani? Maskini aliyeshindwa kulipa alikwenda wapi? Maswali yote tuliyowaandalia wengine na yaulizwe kwanza katika nyumba zetu wenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dirisha lililovunjika, friji iliyozimika, daftari lisilojazwa, kila kimoja ni ufa mdogo. Basi katika mkutano ujao wa jumuiya au wa kijiji, chagueni ufa mmoja tu wa zahanati yenu, mkubaliane nani atauziba na kwa siku gani, kisha siku hiyo ikifika mwende mkaangalie.